Nzi wa Gura, Nzi wa Bonga

Wadau, nimeadimika kidogo. Nilikuwa Bonga. Kwa wale wa Dar ambao Manyara wanaijua kwa jina la ziwa tu, Bonga ni kata ya mji wa Babati, kilomita kama 19 kusini ya mjini, kwenye barabara ya kwenda Kondoa na Dodoma. Zamani ukipita njia hiyo wakati wa masika, uliwaaga ndugu zako vizuri kabisa kabla ya kupanda basi. Siku hizi ni lami. Barabara yote ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na sasa unalala usingizi Kondoa unaamkia Bonga.

Sikwenda kuandika habari za barabara. Nilikwenda kupiga picha wadudu.

Najua mnacheka. Hata mama yangu alicheka. Lakini subirini kwanza niwape kisa, kisha tuingie kwenye historia yenyewe, maana mwisho wa yote nimegundua kwamba kisa hiki cha wadudu ni kisa chetu sote tuliopita shule tukakariri.

Kuna dada mmoja hapo Bonga, jina lake ameniomba nisilitaje. Alikaa Nairobi miaka kadhaa akifanya kazi kwenye karakana ya kufunga nzi. Kama hujawahi kusikia kazi hii, usione aibu, hata mimi sikuwa naijua. Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyovalishwa uzi, manyoya ya ndege na nywele za wanyama mpaka samaki akiiona aidhanie mdudu. Unaibana ndoana kwenye jiliwa dogo la mezani, unazungusha uzi, unapachika mkia, kiwiliwili, mabawa, unafunga fundo kichwani, unatia gundi tone moja. Nzi huyo anasafirishwa Ulaya au Marekani, anauzwa dukani, na mtu wa huko anakwenda naye mtoni kuvua samaki kwa starehe. Kenya ni moja ya nchi zinazojulikana sana duniani kwa kazi hii, na wanaoifanya wengi wao ni wanawake.

Dada yetu macho yalianza kuchoka, akarudi nyumbani. Alirudi na jiliwa lake, mkasi, nyuzi na mfuko wa manyoya. Mabinti wa jirani wakaja kumwangalia, mara wakataka kufundishwa. Akaanza nao, watano. Siku ya pili tu, binti mdogo kuliko wote akamshika pabaya. Alinyanyua nzi aliyekwisha fungwa, akauliza: "Dada, sasa huyu ni mdudu gani?"

"Kaka," aliniambia kwenye simu, "mimi nimefunga nzi hawa kwa miaka. Ukiniamsha usiku taa hakuna, nakufungia dazani. Lakini swali la yule mtoto lilinishinda. Sikuwahi kumwona huyo mdudu mwenyewe. Wewe si mwandishi wa habari? Nitafutie picha za wadudu wa kweli, niwaonyeshe."

Kazi rahisi, nikajiambia. Nikakaa kwenye kompyuta usiku mmoja nikapata picha mia na zaidi. Nzuri ajabu, kila unywele wa mguu unaonekana. Nikazipanga, nikataka kumtumia. Ndipo nikaanza kusoma zilipopigwa: Michigan, Montana, Uingereza, New Zealand. Hakuna hata moja iliyopigwa Tanzania! Ningempelekea binti wa Bonga picha ya mdudu ambaye hatakutana naye maisha yake yote, ajifunze kumwiga, ampeleke kwa mvuvi anayemwona mdudu huyo kila mwaka. Hapo usingizi ukaniisha. Nikaanza kuuliza: ilikuwaje?

Tuanzie mbali kidogo. Maandishi ya kale yanayotajwa sana kuhusu nzi bandia ni ya Aelian, mwandishi wa Roma wa karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Anaeleza wavuvi wa Makedonia waliokuwa wakivua kwa ndoana iliyozungushiwa sufu nyekundu na kufungwa manyoya mawili ya jogoo. Kwa nini hawakumtumia mdudu mwenyewe? Aelian anajibu: mkono wa mtu ukimgusa, rangi yake inapotea, mabawa yananyauka, samaki hamtaki tena. Naomba ukumbuke sababu hiyo, tutairudia tukifika Bonga.

Wale Wamakedonia walikuwa wanaiga mdudu waliyemwona mtoni kwao wenyewe. Hawakuhitaji picha. Picha ilianza kuhitajika pale ufundi ulipotaka kuvuka kutoka mtu aliyeona kwenda kwa mtu ambaye hajaona.

Aliyefanya hivyo kwa makini ni Mwingereza Alfred Ronalds. Huyu alijijengea kibanda kando ya mto Blithe huko Staffordshire, akawa anakaa humo akiangalia trauti wanavyokula. Mwaka 1836 alitoa kitabu chake, The Fly-Fisher's Entomology. Ndani yake alichora mdudu halisi, na kwenye ukurasa huohuo akamchora nzi bandia wa kumwiga mdudu huyo. Aliwapanga kufuata miezi wanayotokea, na kila mmoja akaeleza afungwe kwa vitu gani. Mwanafunzi akifungua kitabu anamwona baba na mtoto wamesimama pamoja, na anajua watafika lini mtoni. Kitabu kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi.

Desturi hiyo ikaendelea. Mwaka 1886 Frederic Halford alitoa kitabu cha nzi wanaoelea juu ya maji. Mwaka 1955 Ernest Schwiebert wa Marekani alitoa Matching the Hatch, akifundisha kumtambua mdudu aliyepo mtoni siku hiyo, kisha kuchagua nzi bandia wa kufanana naye. Leo kila mtu ana kamera. Lakini mpango haukubadilika: kwanza mdudu, halafu picha, halafu nzi.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume.

Kwetu alianza samaki. Trauti si samaki wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandikizwa kwenye mto Gura, milima ya Nyandarua, iliyokuwa ikiitwa Aberdare. Baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua ambao asili yao ni Amerika Kaskazini. Mito ya Mlima Kenya ikajaa wageni. Huku Tanganyika nako walipandikizwa kwenye mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu kusini.

Ngoja nikwambie kidogo kuhusu huyu Grogan, maana si mtu wa kupita hivihivi. Ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kusafiri kutoka kusini mwa Afrika mpaka Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900 ili kumwonyesha baba wa kambo wa mchumba wake kwamba yeye ni mwanamume wa kuoa. Alimwoa, na ile hospitali ya watoto ya Gertrude pale Nairobi inabeba jina la mke huyo. Lakini ni Grogan huyohuyo ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi. Njia yake ya kwenda Cairo haikupita Bonga, ilipita magharibi, Ziwa Tanganyika na Kivu. Ila ile ndoto ya Cape hadi Cairo ndiyo iliyoipa jina Barabara Kuu ya Kaskazini, na barabara hiyo inapita katikati ya Bonga. Nilikuwa nimekaa kwenye genge natafuna mahindi ya kuchoma, natazama malori yakipita, namfikiria. Mtu mmoja: viboko, barabara na samaki.

Basi, samaki amefika, mvuvi amefika na fimbo yake. Anataka nini tena? Anataka nzi. Walowezi walikuja na nzi wao wa Uingereza kwenye visanduku, na wakichakaa wanataka wengine. Kwa nini waagize kila mara kutoka ng'ambo wakati kuna mikono hapa, tena mikono ya bei rahisi? Ndipo Waafrika wakafundishwa kufunga. Tangu enzi hizo za ukoloni mpaka leo ufundi haujakatika Kenya, na soko lilihama kutoka kwa mlowezi wa Nyeri kwenda kwenye maduka ya Ulaya na Marekani.

Sasa angalia namna walivyofundishwa. Hawakupewa mdudu. Walipewa sampuli: nzi aliyekwisha fungwa, amechomekwa kwenye karatasi ngumu, na maelezo ya idadi ya mizunguko ya uzi na urefu wa mkia. Iga hicho. Ukikosea kimetupwa, ukipatia unahesabiwa kwenye dazani. Dada yetu wa Bonga alifundishwa hivyohivyo, miaka mingi baada ya mlowezi kuondoka.

Mfano mmoja tu. Nzi aliyemfunga kuliko wote anaitwa Adams. Alifungwa mara ya kwanza mwaka 1922 huko Michigan na Leonard Halladay, akapewa jina la rafiki yake Charles Adams ambaye alimjaribu mtoni akafanikiwa. Kiwiliwili cha kijivu, manyoya ya jogoo yenye madoa. Halladay alijua anaiga nini. Anayemfunga Nairobi anaiga kilichoigwa na mwingine, ambaye naye aliiga kilichoigwa.

Kichekesho ni kwamba kuna nzi wengine wasioiga kitu chochote. Royal Coachman, aliyefungwa New York mwaka 1878, ana mkanda mwekundu tumboni na mabawa meupe, wala hafanani na mdudu yeyote duniani. Nilimwambia dada habari hii akaangua kicheko. "Kumbe! Na mimi nilikuwa nasema Wamarekani wana wadudu wanaovaa mikanda."

Unaweza kusema: sawa, lakini labda wadudu wa mito yetu hawajulikani na mtu, ndiyo maana hakuna picha. Hapana, mdau. Hapa ndipo niliposhangaa kuliko pote.

Nenda Amani, milima ya Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na baadaye Waingereza wakakifanya makao ya utafiti wa malaria. Miaka ya 1950 alifanya kazi na kikosi hicho Mwingereza aitwaye M. T. Gillies. Kazi yake ilikuwa mbu. Mwaka 1968 yeye na Botha De Meillon walitoa kitabu kikubwa kuhusu mbu wa anofelesi wa Afrika kusini mwa Sahara, kitabu ambacho wataalamu wa malaria walikitegemea kwa miaka mingi. Lakini Gillies alikuwa na mapenzi ya pembeni. Alikuwa anakusanya mdudu yuleyule ambaye wavuvi wa fimbo wanamuiga kuliko wote, mwenye mikia mirefu na mabawa yaliyosimama wima kama tanga la jahazi. Wataalamu huliita kundi lake efemeroptera, na mimi nitamwita efemera, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha siku moja.

Gillies aliandika makala nyingi kuhusu efemera wa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alieleza spishi mpya za Afrika ambazo sayansi haikuwa ikizijua. Hata kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2000, alikipa jina la mdudu huyo: Mayfly on the Stream of Time. Kwa hiyo wakati mafundi wa Kenya wanakopi efemera wa Uingereza kutoka kwenye karatasi ngumu, efemera wa kwetu walikuwa wanapewa majina pale Tanga. Pande hizo mbili hazikukutana. Maandishi yalikwenda kwenye majarida ya wataalamu, kwa Kiingereza.

Si Gillies peke yake. Mwaka 1952 V. D. van Someren alitoa kitabu kizima kuhusu maisha ya trauti wa Kenya. Mwaka 1955 R. Hartland-Rowe, aliyekuwa akichunguza Ziwa Victoria upande wa Uganda, aliandika kuhusu efemera anayeitwa Povilla adusta. Aligundua kwamba mdudu huyu hutoka majini kwa wingi siku chache baada ya mwezi mpevu, usiku wa pili hivi. Mdudu anayefuata kalenda ya mwezi! Ronalds aliwapanga wadudu wake kwa Aprili, Mei na Juni, miezi ya majira ya baridi na joto. Huku kwetu kalenda yake haina kazi. Sisi tunahitaji kalenda ya vuli, masika, kiangazi na mbalamwezi, na atakayeiandika ni mtu anayekaa hapa.

Karibu zaidi na leo, mwaka 2015, Mtanzania Lulu Kaaya na wenzake walichapisha TARISS, mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kuangalia wadudu na viumbe wadogo waliomo. Wazo lenyewe halina ugumu. Wapo wadudu wasiovumilia uchafu, na wapo wanaovumilia chochote. Chota, tazama nani yupo na nani ameondoka, nawe utajua hali ya mto kabla hujapima maji maabara. Kwa hiyo picha ya mdudu wa mtoni haimsaidii mfunga nzi peke yake. Inamsaidia kila anayekunywa maji ya mto ule.

Haya, turudi Bonga.

Asubuhi tulikwenda kwenye kijito kimoja kati ya vile vinavyoshuka kutoka upande wa mlima Kwaraa. Tulikuwa saba: dada, mabinti watano, na mimi. Vifaa: chujio la chai, sahani nyeupe ya plastiki, brashi laini, rula ya shule na simu yangu. Njiani tulikutana na mzee mmoja anachunga. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mnatafuta dhahabu?" Tukamwambia wadudu. Akatutazama, akaitazama sahani, akasema, "Za mjini hizo," akaendelea na mbuzi wake.

Unageuza jiwe taratibu, unaweka chujio upande maji yanakoelekea, unalisugua jiwe kwa brashi. Kinachodondoka unakimimina kwenye sahani yenye maji. Mwanzo unaona takataka tu. Subiri dakika moja. Takataka zinaanza kutembea.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa efemera. Mwembamba, kahawia, mikia mitatu, na ubavuni vitu kama vijani vinavyopepea. Hayo ndiyo matamvua yake ya kupumulia. Yule binti mdogo ndiye aliyemwona. Dada aliinama akatazama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akafungua kopo lake, akatoa nzi mmoja wa kuzama aliowafunga kwa miaka, akamweka pembeni ya sahani. Mkia, tumbo lililopunguka kuelekea nyuma, kifua kilichovimba. "Kumbe ndiyo maana walikuwa wanasema kifua kinene," akasema. "Mabawa yamekunjwa humo ndani." Miaka yote alikuwa anaweka manyoya ya ziada kifuani kwa sababu karatasi inasema hivyo.

Baada ya huyo tukapata wengine. Kuna wale wanaojijengea nyumba ya mchanga na vijiti wakaishi ndani yake. Kundi lao ni trikoptera, na mabinti wakawapa jina la mafundi ujenzi hapohapo. Kulikuwa na watoto wa kereng'ende, wakali, wenye mdomo unaokunjuka kama mkono. Tulitafuta na plekoptera, mdudu wa mikia miwili anayependa maji safi yanayokimbia. Afrika Mashariki huyu tunamjua kwa jenasi moja tu, Neoperla, wakati Marekani wanao wa kila aina na mafundi wetu wanawafunga wote. Siku ile hatukumpata. Tumeandika kwenye daftari: hakuonekana.

Sasa kwa wenzangu mnaopenda kamera, haya ndiyo tuliyojifunza kuhusu picha ya kufundishia, maana picha ya kufundishia si picha ya kupendeza.

Mpige akiwa hai, ndani ya maji, hapohapo mtoni. Unakumbuka maneno ya Aelian? Ukimgusa rangi inapotea. Ukimtia kwenye pombe kali ili umhifadhi, rangi nayo inakwenda. Mtaalamu atamtambua kwa umbo, lakini mfunga nzi anayetaka kuchagua uzi hana tena cha kuangalia. Picha ya simu iliyopigwa dakika ile ina thamani ambayo chupa ya makumbusho haina.

Mpige mara tatu: juu, ubavuni na tumboni. Sisi watu tunamwona mdudu kwa juu. Samaki anamwona kwa chini, na tumbo mara nyingi lina rangi tofauti na mgongo. Karibu picha zote nilizokuwa nimekusanya usiku ule zilionyesha mgongo.

Weka rula ndani ya picha. Bila kipimo mwanafunzi atafunga mdudu mkubwa kama panzi. Ndoana zina namba, na namba ikiwa kubwa ndoana inakuwa ndogo. Mwanafunzi hawezi kuchagua kama hajui mdudu ana milimita ngapi.

Na usiishie kwa mtoto wa majini. Efemera ndiye mdudu pekee anayeambua ngozi tena baada ya kuwa na mabawa. Anatoka majini na mabawa ya ukungu ukungu, anapumzika kwenye jani, anajivua tena, ndipo mabawa yanakuwa angavu kama kioo. Mtu mzima hali chakula kabisa. Anapandana, anataga, anakufa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mdudu mmoja anahitaji picha za hatua tatu, na nzi bandia watatu tofauti. Dada alikuwa amewafunga wote watatu akidhani ni wadudu watatu.

Jioni ile tulikaa uani na karatasi. Dada aliamua somo la kwanza lisiwe la efemera, liwe la kumbikumbi. Nani Bonga asiyemjua kumbikumbi? Mvua za kwanza zikinyesha, watoto wako kwenye taa na mabeseni. Nikamwambia wavuvi wa nje nao huwaiga kumbikumbi na siafu wenye mabawa, maana samaki huwafuata wakianguka majini. Mabinti wakaanza kubishana bila kuambiwa: mabawa ni mawili au manne? Ni manne, na yanalingana urefu. Ya chungu hayalingani. Walijua hilo kwa vidole vyao, kwa miaka ya kunyonyoa mabawa kabla ya kukaanga. Kwa mara ya kwanza darasani mwanafunzi alikuwa anamjua mdudu kuliko mwalimu na kuliko karatasi ya sampuli.

Sitaki niwadanganye wadau. Niliuliza swali ambalo wengi wenu mmekwisha liuliza kimoyomoyo: nani atanunua nzi wa Bonga? Bonga hakuna trauti. Ziwa Babati lina perege na kambale, na wavuvi wake wanatumia nyavu na ndoana za kawaida. Wageni wanaokuja Tanzania na fimbo za bei mbaya wanakwenda kusini, mito ya Mnyera na Ruhudji, kumfuata yule samaki mkubwa wa meno makali, na huko nzi wake anaiga samaki wadogo, si efemera. Duka la Marekani linataka Adams. Litaendelea kutaka Adams.

Dada hakukasirika. "Kaka, Adams nitawafundisha. Bila hiyo hawatapata hela ya sabuni. Lakini nataka wakifunga Adams wajue mkia ni wa nini. Mimi nilifungwa macho."

Nikanyamaza. Nilifikiria shule niliyosoma mimi, nilivyochora mchoro wa ua la Ulaya kwenye daftari la baiolojia nikapata alama zote, huku nje ya dirisha kuna mti sikujua hata jina lake. Ronalds hakuwa na akili kutuzidi. Alikaa kando ya mto wa kwao, akatazama, akachora. Gillies naye alitazama mto wa kwetu, akachora, lakini hakuwa anatuandikia sisi. Kati ya wale wawili kuna nafasi ambayo imekaa wazi tangu 1905.

Mpaka naondoka tulikuwa na picha 64 zinazofaa, za wadudu wasiozidi kumi na mmoja. Si nyingi. Majina ya kitaalamu tunayo ya makundi tu. Ya spishi tumeacha nafasi, na kila picha ina tarehe, saa, hali ya maji na hali ya mwezi. Mabinti wameanza kuwauliza bibi zao majina ya nyumbani, Kigorowa na Kirangi, waandike pembeni. Dada amezichapisha picha mjini Babati kwenye karatasi ngumu, moja kwa kila mdudu, na chini ameacha tundu dogo la kuchomeka ndoana.

Tundu la kwanza lina kumbikumbi. Amefungwa na yule binti mdogo, mabawa yameenda upande kidogo, uzi umevimba kichwani. Lile la efemera wa Kwaraa bado liko wazi. Anasema hamfungi mpaka amwone akiwa na mabawa, na kwa hilo itabidi wakae kando ya kijito jioni, wangoje. Nimeahidi kurudi masika na betri ya akiba.